Ufunguo wa Kabati

Mwaka 2025 Rais alitia saini. Mlikwisha kuisikia habari hiyo, hapa kwetu na kwingineko, kwa hivyo sitawarudishia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua mahali pa ile ya 2003, na waliohangaika nayo bungeni na barabarani wanastahili pongezi. Miaka 22 si mchezo. Lakini sisi katika kituo hiki cha redio tuna swali moja, na tutaliuliza mpaka apatikane wa kulijibu: ufunguo wa kabati uko wapi?

Nasema kabati lile la ofisini kwa mwalimu mkuu. La chuma, lenye kufuli. Ndani yake mna vishikwambi vya serikali, vile vilivyotokana na ahadi ya vipakatalishi kwenye kampeni za 2013, zabuni ikavutaniwa na kufutwa, hadi 2016 vikaanza kufika shuleni. Zaidi ya milioni 1 viligawiwa, katika zaidi ya shule 20,000 nchini. Vilikuwa vya watoto wa darasa la kwanza. Basi hesabu nami. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza 2016 ndiye aliyefanya mtihani wa KCPE wa mwisho 2023. Mwaka 2025 alikuwa kidato cha pili. Yeye ameondoka shule ya msingi, na wazazi wanaotupigia simu wanatuambia kishikwambi kimebaki pale pale, kabatini.

Mtasema tumekwisha kulisema hili. Tumelisema, na leo tunalisema kwa ajili ya mtoto mmoja hasa.

Huyu si yule asiyeona, wala si yule asiyesikia. Hao angalau wana shule zao, ingawa hazitoshi: kuna Thika kwa wasioona, na hapa jirani kuna Shule ya Viziwi ya Kerugoya. Mtoto ninayemsema anaona, anasikia, na anazungumza kuliko wenzake. Mwambie akueleze jinsi maji yanavyofunguliwa mashambani Mwea, atakueleza mfereji kwa mfereji, nani anafungua kwanza na nani anaiba zamu usiku. Kisha mpe kalamu ayaandike hayo hayo. Utapata mistari miwili. Herufi b imegeuka d, neno limekatwa katikati, na karatasi imetoboka kwa kufutwafutwa.

Wataalamu wana majina yao: dislekisia kwa anayetatizwa na kusoma na tahajia, disgrafia kwa anayeshindwa na uandishi wenyewe. Majina ni mageni, lakini mtoto si mgeni. Mmoja wa aina yake niliketi naye dawati moja shuleni. Alikuwa anatusimulia mechi ya Jumapili mpaka tunaona vumbi, lakini siku ya insha alikuwa anakwenda msalani mara nne. Alichapwa, akaitwa mvivu, akarudishwa darasa, na kabla ya kumaliza la saba akatoka. Siku hizi anauza nyanya kwa jumla, na biashara yake ni kubwa. Hajawahi kunitumia ujumbe wa maandishi. Ananitumia sauti kwenye WhatsApp, dakika tatu, dakika nne, bei na mizigo na madeni yote yamepangika. Kichwa hakikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kichwani kufika kwenye karatasi.

Hapa kwetu kuna jambo linalomficha mtoto huyu zaidi. Kikuyu hakina sauti ya l. Nusu ya darasa itaandika "kurara" ikitaka "kulala", na mwalimu anacheka kidogo, anasahihisha, anaendelea. Anasema ni lugha ya mama, na kwa wengi ni kweli. Lakini tazama vizuri, mwalimu. Anayeandika r mahali pa l ataiandika hivyo leo, kesho na mtondo. Kosa lake lina mpango. Yule anayeliandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, "kulala", "kulaal", "kalula", huyo hasumbuliwi na Kikuyu. Huyo anahitaji kupimwa, na kwa kuwa amejificha katikati ya kundi, hapimwi.

Sasa kompyuta inamsaidiaje? Kibodi haimdai kuchora herufi. Anaigusa b, inatoka b, ile ile kila mara. Akikosea anafuta na hakuna kidonda kwenye karatasi. Kisha kuna programu zinazomsomea kwa sauti alichoandika, na Kiswahili kimejaliwa hapo, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Aliyeandika "kulaal" atasikia sikioni kwamba halikuwa hilo, atarudi kulitengeneza mwenyewe, bila mtu kumcheka. Tena tangu 2017 simu zinaweza kuandika Kiswahili zikisemeshwa, Google ilipokiongeza katika lugha za kuandika kwa sauti. Mtoto anaongea, maneno yanajipanga.

Sitawadanganya kwamba mashine ni mganga. Darasa lenye watoto 60 lina kelele, na mashine itachanganyikiwa. Matamshi ya mtoto wa Ndia au Gĩchũgũ itayasikia vibaya mara nyingi. Programu nyingine zinataka intaneti. Na bila mwalimu wa kukaa naye, kishikwambi kitakuwa cha michezo tu. Yote hayo nayakubali. Lakini hayo yanajulikana kwa kujaribu, na huwezi kujaribu kilichofungiwa kabatini.

Kuna wanaosema huo utakuwa wizi wa mtihani: mtoto aandikiwe na mashine, wenzake waandike kwa mkono? Ndugu zangu, mtahiniwa wa KCSE anaingia kwenye karatasi ya hisabati na kikokotoo mfukoni, kwa ruhusa ya Baraza la Mitihani. Hakuna anayemwita mwizi. Tulikubaliana zamani kwamba tunapima anavyofikiri, hatupimi mbio za kuzidisha. Kwa nini insha ya huyu mtoto tuipime kwa mkono wake?

Na mwaka 2025 Gredi ya 9 walikalia mtihani wa KJSEA kwa mara ya kwanza. Watahiniwa wenye ulemavu hupewa nafuu, kama muda wa ziada, lakini shule yako itaiombaje nafuu kwa mtoto ambaye hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba amepimwa? Vituo vya kupimia watoto, vile vya EARC, tunavyo tangu 1984, tulipoanzishiwa kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, inafundisha walimu wa kazi hii tangu 1986. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumvusha kizuizi chake. Sasa kuna na sheria mpya. Kituo kipo, taasisi ipo, Katiba ipo, sheria ipo, kishikwambi kipo. Kabati limefungwa.

Simlaumu mwalimu mkuu peke yake. Amevitia saini vyote, kimoja kimoja, na kikiibwa yeye ndiye wa kujibu. Ana bili ya umeme na Sh1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka, zikifika. Hofu yake naielewa. Lakini betri inazeeka hata isipotumiwa. Kifaa kilichohifadhiwa miaka hii yote ili kisiharibike kimeharibika tayari, na mwizi hakuonekana!

Kwa hivyo tusingoje Nairobi. Mzazi, usiende kwenye mkutano wa shule kunyamaza nyuma. Simama uulize: vishikwambi vyetu ni vingapi, vinavyowaka ni vingapi, na nani ana ufunguo? Uliza na hili: mtoto wangu atapelekwa lini EARC kupimwa? Kama hawajui, mpeleke wewe. Wenyeviti wa bodi za shule, lipeni ulinzi wa chumba kimoja, muandike kwenye kumbukumbu kwamba kikipotea kifaa kikitumiwa darasani hamtamtupia mzigo mwalimu. Mumwondolee hofu, muone kama hatafungua. Nanyi vijana wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga, mko hapa hapa Kutus, mnasomea kompyuta hatua chache kutoka kwenye shule hizi. Betri zilizokufa mnaweza kuzibadilisha. Programu za kusoma kwa sauti mnaweza kuziweka. Jumamosi moja kwa mwezi, mkiwa kumi tu, mtafanya kazi ambayo ahadi za 2013 hazikuifanya. Kaunti nayo makao yake makuu ni humu humu mjini. Tunawasubiri viongozi wake, na maikrofoni hii iko wazi kwao siku yoyote.

Nawe mwalimu mkuu, Jumatatu baada ya gwaride ingia ofisini kwako. Toa vishikwambi vitatu tu. Vichaji mpaka chakula cha mchana. Kimoja umpelekee yule wa dawati la mwisho, la dirishani, anayeomba ruhusa ya kwenda msalani kila siku ya insha. Usimpe kalamu siku hiyo. Mwonyeshe pa kugusa, kisha umwambie akueleze habari za maji ya Mwea, mfereji kwa mfereji.