Amethisto, Jiwe la Kumi na Mbili

Katika Ufunuo 21:20 Yohana autaja msingi wa kumi na mbili wa mji mtakatifu kuwa ni amethisto. Ni jiwe la rangi ya zambarau, litiwalo katika pete na mikufu. Jina lake la Kiyunani maana yake ni "asiyelewa", kwani Wayunani wa kale walidhani kwamba alivaaye hatashindwa na divai. Lakini jiwe halina uwezo huo.

Zamani lilihesabiwa pamoja na yakuti kwa thamani. Katika karne ya 19 lilipatikana kwa wingi huko Brazili, bei yake ikashuka. Hata hivyo, katika msingi wa mji ule lingali mahali pake.

Hapa Kibirichia wako akina baba ambao fedha za viazi huishia kilabuni, na watoto wao hulala na njaa. Sisi tumekwisha kuwashushia bei. Je, Kristo aliyewanunua kwa damu yake ameishusha? Pete haitamlinda mlevi. Ahitaji ndugu wa kuketi naye jioni, saa ile kiu inapomshika. Twende kwake, Bwana atatutangulia. Amina.