Taa Zizimwe Wapi, na Saa Ngapi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, Mbweni)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nilipotakiwa nichague jambo la kuzungumza, nilichagua taa za barabarani. Najua wengine watashangaa. Nchi imehangaika miaka mingi kuitafuta taa, na leo mtumishi wa serikali anasimama kusema baadhi ya taa zizimwe. Nakuombeni mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwanza, tukumbuke kwamba Unguja inalijua giza. Tangu mwaka 1980 umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kusini ya hapa tulipo. Waya ule wa kwanza ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Mei 21, 2008 umeme ulikatika, na haukurudi mpaka Juni 18. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo kisiwa kikakaa bila ya umeme wa Bara hadi Machi 2010. Waliokuwapo wanakumbuka ndoo za maji vichwani na kelele za majenereta mitaani. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013. Hata bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, haliwezi kutuletea umeme ila kwa kupita baharini.

Kwa hiyo mtu akimwambia Mzanzibari kwamba giza ni jambo jema, Mzanzibari ana haki ya kumtazama mara mbili. Mimi sisemi hivyo. Giza la kukatikiwa na umeme ni msiba. Ninalolisema ni giza la kupangwa na wenyewe, mahali pake na kwa saa zake.

Pili, tufanye hesabu. Sisi tuko karibu na ikweta, na usiku wetu ni wa saa 12, au karibu na hapo, mwaka mzima. Taa ya Ulaya hupumzika wakati wa kiangazi, usiku unapokuwa mfupi. Taa yetu haina likizo. Taa moja ya wati 100 ikiwaka usiku kucha hula yuniti 1.2, yaani yuniti 438 kwa mwaka. Ikizimwa kwa saa nne tu, kuanzia saa 6 ya usiku hadi saa 10, huokoa yuniti 146 kwa mwaka. Taa elfu moja zitaokoa yuniti 146,000. Vijana wa hesabu nawaachia waendelee.

Wako watakaosema kwamba siku hizi zipo taa za jua, ambazo hazili umeme wa waya. Ni kweli. Lakini gharama si ya umeme peke yake, na hapa naingia katika jambo la tatu, nalo ni mbingu.

Taa isiyofunikwa juu humwaga sehemu ya mwanga wake angani, ambako hapiti mtu. Mwanga huo hugonga vumbi na mvuke, ukatawanyika, na mbingu yote ikapauka. Taa nyeupe sana zenye ubuluu ndizo zinazozidi kwa hili. Mwaka 2016 wataalamu walitoa ramani ya dunia nzima, wakaonesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuuona ule ukanda mweupe wa nyota unaokata mbingu. Uchunguzi mwengine uliotolewa mwaka 2023, uliotegemea macho ya watu wa kawaida waliohesabu nyota, ulikuta mng'ao wa mbingu ukizidi kwa karibu asilimia 10 kila mwaka tangu 2011 hadi 2022.

Kwa nini litushughulishe hili? Kwa sababu sisi ni watu wa pwani, na nyota zilikuwa chombo chetu cha kazi. Wazee waliposema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, walikuwa wanapanga kilimo. Manahodha waliokwenda Arabuni na kurudi kwa pepo za msimu walijua kwamba nyota ya Jaa haionekani kutoka Unguja, kwa kuwa tuko digrii 6 kusini ya ikweta. Huchomoza mbele ya chombo kadiri kinavyokwenda kaskazini, na kimo chake humwambia nahodha alipofika. Wavuvi wa dagaa mpaka leo huzifuata siku za giza na kupumzika kwenye mbalamwezi, maana taa zao hazivuti samaki penye mwanga mwingi. Na kasa wanaotaga Mnemba, vitoto vyao vikitoka mchangani hukimbilia upande wenye mwanga. Kwa maumbile upande huo ni bahari. Pakiwa na taa kali nyuma ya ufukwe, huelekea nchi kavu wakafa.

Nne, usalama. Hili ndilo zito, na sitalikwepa. Utafiti wa mwaka 2015 uliokusanya habari za halmashauri 62 za Uingereza na Wales haukuona ushahidi kwamba kuzima au kupunguza taa kumezidisha ajali wala uhalifu. Lakini kule New York, taa zilipoongezwa kwenye majumba ya watu wa kipato cha chini, uhalifu wa nje wakati wa usiku ulipungua kwa kiasi cha asilimia 36. Kwa hiyo dawa ya pahala pamoja si dawa ya kila pahala. Mwanamke anayetoka zamu hospitali usiku wa manane hana haja ya kusomewa elimu ya falaki. Ana haja ya kuona njia.

Basi pendekezo langu ni hili. Vichochoro vya Ng'ambo, vituo vya daladala, njia za hospitali na za misikiti zisiguswe, na penye giza la hatari ziongezwe taa. Kiwanja cha ndege kina sheria zake. Tuanze na mabango ya biashara, maduka yaliyofungwa, kuta za maofisi yasiyo na mtu, na taa za fukweni. Ufaransa tangu mwaka 2013 inataka madirisha ya maduka yazimwe ifikapo saa 7 ya usiku. Mji wa Flagstaff, Marekani, ulianza mwaka 1958 kwa kukataza taa za kumulika mbinguni. Sisi tuzime saa 6 na kuwasha saa 10, kabla ya watu kutoka kwa sala ya alfajiri. Mwezi wa Ramadhani, watu wakiwa nje mpaka daku, tusizime. Na kila taa inayobaki ivishwe kifuniko, mwanga ushuke chini kwa mpita njia.

Vijana, nakuachieni kazi. Kuanzia Disemba, usiku usio na mwezi, hesabuni nyota za Kilimia kutoka kiwanja cha skuli, kisha mkahesabu mkiwa Darajani. Jicho zima penye giza huona sita au zaidi. Andikeni mtakachokiona, mwaka hata mwaka, na nakala ipelekwe Baraza la Manispaa. Nasi wanafunzi wa zamani tuchange fedha za kuzifunika taa za skuli hii, ili tukienda kuwaambia wengine tuwe tumeanza nyumbani.