Visanduku Vitatu vya Citibank

Agosti 2020 Citibank, iliyosimamia mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon nchini Marekani, ilipaswa kuwalipa wakopeshaji riba ya takriban dola milioni 8. Badala yake zilitoka karibu dola milioni 900, riba pamoja na deni lenyewe, nyingi zikiwa fedha za benki.

Tatizo lilianzia kwenye skrini ya programu ya Flexcube. Kwa namna programu ilivyoundwa, riba hiyo ililipwa kwa kuingiza malipo kana kwamba deni lote linafungwa, kisha kulielekeza deni la msingi kwenye akaunti ya ndani ya benki. Ili fedha zibaki humo, ilibidi kuweka alama katika visanduku vitatu, na majina ya viwili kati yake hayakudokeza kabisa kazi yake. Kiliwekwa alama kimoja tu, kile chenye jina la deni la msingi. Watu watatu waliyapitia malipo hayo, na wote wakaamini yako sawa. Onyo lilijitokeza kwamba fedha zitatoka nje ya benki, lakini halikutaja kiasi. Na kwa kuwa riba kweli ilikuwa inatoka, halikumshtua mtu. Kuwaita wafanyakazi hao wazembe ni kuwaonea.

Baadhi ya wakopeshaji walikataa kurudisha takriban dola milioni 500. Februari 2021 mahakama ya New York iliwapa ushindi. Septemba 2022 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo.