Uvimbe wa Taya Kando ya Ziwa

Baadhi ya mambo ambayo dunia inayajua leo kuhusu kutibu saratani kwa dawa yalifahamika kupitia watoto wa kando ya ziwa letu hili, Ziwa Victoria, na nasikitika kwamba wachache wetu tumewahi kusimuliwa.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini, meno yamelegea. Jipu la jino halienei hivyo. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Alipompima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Akaanza kupekua mafaili ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha aliyoyaona.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu wakateremka hadi kusini mwa Afrika, safari ya kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: uvimbe huu mmeuona? Ulikuwako kwenye joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Kwenye joto na mvua ndiko malaria inakotamba pia. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 watafiti Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini linalonigusa zaidi ni tiba. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakiwezi kuondoa taya zote za mtoto. Zilibaki dawa tu: methotrexate, cyclophosphamide, na vincristine itokanayo na mmea wa maua. Dawa hizi hushambulia chembe hai za mwili zinazogawanyika, na za uvimbe huu hugawanyika kwa kasi ya ajabu. Watoto wengine walipona kabisa kwa dozi chache. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba dawa peke yake ingeweza kuponya saratani.

Cyclophosphamide hiyohiyo bado hutumika leo kwa watu wazima wenye maieloma, saratani ya uboho wa mifupa. Maieloma ni sugu zaidi, mara nyingi hutulizwa kisha hurudi. Ndiyo maana watafiti sasa huchukua chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, huzibadili maabara, kisha huzirudisha mwilini ziisake saratani. Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa maieloma mwaka 2021.

Huku kwetu, kati ya 2010 na 2016, utafiti mkubwa kuhusu uvimbe huu wa taya, uitwao sasa uvimbe wa Burkitt, ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa upande wetu, Tanzania, watoto walitoka Mwanza na Mara. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa 1971, inawatibu watoto hawa. Uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi, ukiona taya au tumbo la mwanao linavimba, au meno yanalegea kabla ya wakati wake, mpeleke hospitali wiki hiihii.