FRIZA HAIGANDISHI: TUANZIE WAPI?
(Maneno ya fundi kwenye mkutano wa wanachama)



Wengi wetu tunauza samaki kutoka friza za nyumbani. Friza ikilegea, mtaji unaoza. Basi kabla hujamwita fundi, tazama haya.

Kwanza, mlango. Ubane na karatasi, kisha uvute. Karatasi ikitoka bure, mpira haubani. Ufute kwa maji ya sabuni. Ukiwa umechanika, ubadilishe.

Pili, barafu ya ukutani. Ikifika unene wa nusu sentimita, zima friza iyeyuke yenyewe. Jamani, kisu hapana! Ukitoboa bomba, gesi imekwenda.

Tatu, vumbi. Joto la ndani hutolewa nje. Chomoa waya, pangusa mabomba ya nyuma, na friza isibanwe na ukuta wala isikae karibu na jiko.

Nne, mzigo. Usishindilie samaki wote kwa mara moja. Friza nzima hushika nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini ipewe muda.

Fundi akisema, "Tuongeze gesi," muulize: imevujia wapi? Gesi ya friza haiishi kama mafuta ya taa. Azibe kwanza ndipo ajaze, la sivyo pesa yako inapeperuka.

Mwisho, samaki aliyeyeyuka akakaa kwenye joto kwa muda wa saa 2 na zaidi, asigandishwe tena, wala asiuzwe. Mnunuzi wetu ndiye jirani yetu.