Nchi Jirani: Maji ya Mombasa Yapimwe, na Vipimo Visomwe Hadharani



Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na bahari. Upande mmoja ni Kilindini, ambako meli za mizigo hutia nanga. Upande wa pili ni Bandari ya Kale na Hori ya Tudor, ambayo hujipenyeza bara hadi kwenye mikoko ya Mikindani. Katika hori hiyo wavuvi hutega nyavu, akina mama huokota chaza na kaa, na watoto huoga kila maji yajaapo. Katika hori hiyo hiyo huingia pia maji ya vyoo vya mji.

Jambo hili si siri, wala si la jana. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi wa Kaunti ya Mombasa kuwa 1,208,333. Kwa miaka mingi mji huo umekuwa na mitambo miwili ya kusafishia maji taka, mmoja Kizingo na mwingine Kipevu, lakini mabomba yake yamewafikia wachache tu. Walio wengi hutegemea makaro na vyoo vya shimo. Ardhi ya kisiwa ni mawe ya matumbawe yenye vinyweleo, na kinachomwagwa shimoni hakikai shimoni: huteremka polepole kuelekea visimani na baharini. Masika ikifika, mvua hufanya kwa siku moja kazi ambayo shimo hufanya kwa miezi.

Wako wanaosema kwamba bahari haichafuki, kwamba chumvi na jua huua kila uchafu. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari. Ni kweli kwamba bakteria wengi wa tumboni hufa haraka katika maji ya chumvi yaliyopigwa na jua. Lakini virusi, kikiwamo kile kiletacho homa ya manjano ya ini, hustahimili kwa muda mrefu zaidi. Tena chaza na kombe huishi kwa kuchuja maji, lita kadhaa kwa saa, na hivyo hukusanya mwilini mwao kile ambacho bahari imekitawanya. Mwaka 1988, katika mji wa Shanghai nchini China, watu wapatao 300,000 waliugua ini baada ya kula kombe waliovuliwa katika maji yaliyoingiwa na maji taka. Hakuna aliyeona uchafu kwa macho, na kombe wale hawakuwa na harufu mbaya.

Kwa hiyo hapana budi kupima. Upimaji wenyewe si uchawi. Mtaalamu huchota maji katika chupa iliyotakaswa, huiweka katika sanduku la barafu, na huifikisha maabara kabla saa nyingi hazijapita. Maji hupitishwa katika kichujio chembamba, kisha kichujio hulazwa juu ya chakula cha bakteria na kuwekwa penye joto maalumu. Baada ya siku moja au mbili makundi ya bakteria huonekana, nayo huhesabiwa moja moja. Katika maji ya chumvi wataalamu hupendelea kuhesabu bakteria waitwao enterokoki, kwa kuwa hao hudumu baharini kuliko wenzao wa tumboni na hivyo ni mashahidi wa kuaminika zaidi. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2003 uliyapa maji ya kuogea daraja la juu pale ambapo, katika sampuli 95 kati ya kila 100, enterokoki hawazidi 40 kwa mililita 100. Wakizidi 500, maji hayo huwekwa katika daraja la mwisho.

Hapo lakini pana mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, jibu huja baada ya mwogaji kwisha kuoga na kurudi kwake. Kipimo kimoja, hata kikiwa sahihi kiasi gani, ni habari ya juzi. Pili, hori si kisima. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Achotaye maji yakiwa yamejaa atapata bahari ya nje, na achotaye maji yakiwa yamekupwa atapata mji wenyewe. Mwenye nia ya kuficha anajua saa ya kwenda. Upimaji wa haki ni ule unaorudi mahali pale pale, kusi na kaskazi, masika na kiangazi, maji kujaa na maji kupwa, mwaka baada ya mwaka.

Kenya haina upungufu wa wajuzi. Taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake makuu Mombasa penyewe. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Tanzania na Msumbiji, wamekwisha kuchunguza jinsi mikoko iliyo kando ya miji inavyochuja maji taka, na hadi wapi uwezo huo unakoma. Aidha, yako yaliyotendwa. Jaa la taka la Kibarani, lililokuwa ukingoni mwa bahari, lilifungwa mwaka 2018. Mwaka 2022 daraja la Makupa lilichukua nafasi ya tuta la zamani lililokuwa limeziba mkondo, na maji yakapata njia. Tunawapongeza. Lakini maji yanayopita kwa urahisi huchukua pia kila kilichomo ndani yake.

Kinachopungua ni cha mwisho, nacho ndicho cha maana kuliko vyote: matokeo kumfikia mtu anayehusika. Hesabu za bakteria huchapishwa katika majarida ya wataalamu, kwa lugha ambayo mwokota chaza wa Mikindani haisomi. Mwenye hoteli naye huchelea kwamba kibao cha onyo kitamfukuza mgeni. Hofu yake inaeleweka. Lakini mgeni akiugua ana daktari na ndege ya kumrudisha kwao, na mtoto wa mvuvi hana.

Sisi wa upande huu wa mpaka hatuna ruhusa ya kunyosha kidole tu. Kwa miongo mingi bomba la maji taka la katikati ya Dar es Salaam limemwaga baharini, karibu na ufuko ambapo watu hupunga upepo. Tena mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kutoka kwetu kwenda kwao. Nchi zetu mbili zimo katika Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 juu ya kuhifadhi bahari ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 2010 uliongezwa humo itifaki juu ya uchafu utokao nchi kavu. Chini ya mkataba huo maabara za Tanga na Mombasa zaweza kupima kwa njia moja, katika siku zile zile za bamvua, na kupashana hesabu.

Kazi hiyo haihitaji meli ya utafiti. Yatosha mashua, sanduku la barafu, chupa safi, na mtu wa kubandika karatasi ya matokeo, kwa Kiswahili, dikoni pale Tudor kabla bamvua nyingine haijafika.