Uhuru wa Dini na Haki ya Jirani



Katika Tunduma yetu swali hili husikika: sheria ikikataza kumbagua shoga, Kanisa halitalazimishwa kufungisha ndoa lisizozikubali? Ni swali la haki, wala tusilicheke. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndoa ya altareni ni juu ya Kanisa. Hata ndani ya Kanisa, Januari 2024 maaskofu wa Afrika na Madagaska walieleza, kwa kukubaliana na Roma, kwamba hawaoni inafaa kubariki wenzi wa jinsia moja.

Lakini ibara hiyo haikumruhusu mwenye nyumba kutupa nje vyombo vya mpangaji kwa uvumi, wala muuguzi kumnyima mgonjwa dawa, wala vijana wa mtaa kumpiga mtu. Hayo si ibada.

Kweli, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ni kikali. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Hata hivyo kinaadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani, si mwendo wa mtu wala sauti yake. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya hukumu, sembuse asiyeshtakiwa! Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kuwa hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Nako Kenya, ambako tendo hilo bado ni kosa, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2023 kwamba kuwanyima watu hao usajili wa chama chao ni ubaguzi. Hukumu hiyo haikuliamuru kanisa lolote kubadili mafundisho.

Katekisimu yetu, namba 2358, inataka wapokewe kwa heshima na huruma, pasipo ubaguzi usio wa haki. Namba inayotangulia inafundisha kwamba tendo ni kinyume cha maadili. Wengi wetu tumekariri hiyo tu.

Hapa mpakani, madereva wa malori husubiri kuvuka kwenda Nakonde, na hatari ya UKIMWI twaijua. Februari 2017 Serikali ilitangaza kufunga vituo 40 vya huduma za UKIMWI, kwa madai kwamba vinaeneza ushoga. Mtu anayeogopa kutajwa hapimwi. Naye ana mke nyumbani.

Basi kiongozi akiletewa karatasi ya kutia sahihi ili fulani ahamishwe mtaani, aulize kwanza: ni nani aliyeona, na ameona nini? Kisha asitie sahihi, bali aende na mtu huyo ofisi ya mtaa, wakiwa wawili, mchana.